Jasho si kipimo cha mazoezi

SWALI: Nina miaka 36, kazi yangu ni ya ofisini hapa Dar es Salaam. Tangu mwaka jana nimeanza mazoezi mara nne na kila mara naishia wiki ya pili. Mwalimu wa jogingi mtaani kwetu ananishauri nivae koti la nailoni ili nione matokeo haraka nisikate tamaa, na nimeze diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya kukimbia ili nisiumie. Je, ni sawa?

JIBU: Koti mrudishie mwenyewe kwanza.

Watu wa wiki ya pili nawapokea kliniki kila Jumatatu, na wala si wavivu. Wameanza Jumamosi kwa kilomita nane na squati mia. Leo wanashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani. Maumivu ya misuli isiyozoea hukolea siku ya pili na ya tatu, na ratiba nyingi hufia hapo. Anza na dakika 20 za kutembea haraka, mara tatu kwa wiki, saa ileile. Ukikosa siku, usiifidie kesho yake. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Utazifikia polepole, hakuna anayekukimbiza.

Kinachonikera ni hili la jasho. Jasho ni maji ya kuupoza mwili, si mafuta yanayoyeyuka. Kilo moja unayoiona imepungua baada ya kukimbia ni kama lita moja ya maji, na ukinywa inarudi kabla hujalala. Tena jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Kwa fukuto la Dar mwezi wa pili linakauka kwa shida hata ukiwa kifua wazi, sembuse ndani ya nailoni. Unajipika.

Diklofenaki ndiyo mbaya zaidi. Mwili ukikaukiwa maji, damu inayofika kwenye figo hupungua, na dawa hiyo huipunguza zaidi. Maumivu uliyoyazima, nayo, ndiyo yangekuambia simama. Filimbi shingoni haimpi mtu ruhusa ya kugawa vidonge.

Na wewe unayesoma hapa umeshavaa nailoni na kumeza: ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi siku moja au mbili baada ya zoezi kali, huenda misuli imeharibika na mabaki yake yanaziumiza figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na dawa zote ulizomeza uzitaje, hata kama unaona aibu.