Msiharakishe kuuchoma mwili dawa

Nimefanya kazi mochwari hapa Moshi miaka mingi na ombi langu kwa ndugu ni moja, kama kifo ni cha ghafla na mnahisi kuna pombe, unga au sumu, mwili usichomwe dawa ya kuhifadhia kabla sampuli hazijachukuliwa. Haraka naielewa, ndugu kafia Dar, lazima azikwe kihambani kwao Kibosho au Rombo, michango imeshaanza, gari limekodiwa. Lakini dawa yenyewe ya kuhifadhia ni fomalini, na fomalini nyingi zina methanoli ndani yake, na methanoli ndo inayopofusha na kuua watu kwenye gongo chafu, sasa wiki ijayo ukija kusema marehemu alikunywa piwa, gongo ya huku kwetu, kwa fulani, mkemia akiikuta ataijuaje kama ni ya kilabuni au ya mochwari?

Kwa hiyo polisi kwanza, wao ndo wanaomba uchunguzi wa mwili. Daktari atachukua damu, na ile ya pajani ndo nzuri kuliko ya kwenye moyo, maana mtu akishakufa baadhi ya dawa zinavuja kutoka kwenye ini na mapafu zinaingia damu ya moyoni, kipimo kinapanda bure. Halafu mkojo, vilivyomo tumboni, kipande cha ini, na maji ya ndani ya jicho ambayo mi nayathamini sana, kwa sababu mwili ukianza kuoza vijidudu vinatengeneza pombe kwenye damu, jicho linachelewa kuharibika. Sampuli zinaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Arusha kuna ofisi ya kanda.

Na semeni ukweli jamani!! Hakuna maabara inayopima kila sumu, wanaanza na walichoambiwa. Dar, Tanga na Zanzibar watu wanafikiria heroini haraka, huku kwetu kwenye kahawa na nyanya mi nauliza kwanza dawa za shambani. Sasa kijana alikuwa anajidunga Tanga, kaja likizo kafia nyumbani, familia inasema presha, nani ataitafuta heroini? Anazikwa, anaandikwa presha, na Kilimanjaro inaonekana haina hilo tatizo wakati vijana wanaisha.

Leteni chupa aliyonywea, pakti za vidonge, bomba la sindano, aibu wekeni pembeni. Chupa ya dawa ya shambani msiishike mikono mitupu. Nguo alizotapikia msizifue, ziacheni kama zilivyo mkabidhi askari.