Kuzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi

Je, mwenye nyumba za kupangisha anaweza kubaki kwa muda na asilimia 10 ya malipo ya mkandarasi anayemfanyia ukarabati? Ndiyo, anaruhusiwa, mradi sharti hilo liwe limeandikwa kwenye mkataba kabla kazi haijaanza. Katika ujenzi hapa Tanzania utaratibu huo ni wa kawaida: kiasi kinachozuiwa huwa kati ya asilimia 5 na 10, nusu yake hulipwa kazi inapokabidhiwa na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro zinazojitokeza), ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12. Mimi husimamia ukarabati wa nyumba za wapangaji, na ningeomba kipindi hicho kivuke masika, kwa sababu bati lililopigwa misumari vibaya huenda lisionekane siku ya makabidhiano, hadi mvua inyeshe.

Kwa fundi wa mtaani mliyepatana kwa mdomo hali ni tofauti: ukimkata bila makubaliano, unadaiwa. Huyo mlipe kwa hatua, na vifaa nunua mwenyewe.