Maelezo ya zana ya kuorodhesha faili yasiishie sentensi moja

Ndugu, umeuliza kwa nini wakala wako wa akili mnemba (programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa kuita zana) anaikosea zana ya kuorodhesha faili, ilhali umeiandikia maelezo "Huorodhesha faili". Tatizo ni sentensi hiyo. Modeli haioni msimbo (code) wa zana yako. Inachokijua ni jina, maelezo na vigezo (taarifa ambazo zana hupokea inapoitwa) ulivyoipa, basi.

Anza na njia ya folda. Sema wazi kama iandikwe kamili au ianzie folda ya kazi, na uweke mfano: `/mradi/src`. Taja pia kama zana inaingia folda za ndani, na kama inaonyesha faili zilizofichwa, mfano `.env`.

Ila pa kukazia hasa ni matokeo. Folda kama `node_modules`, inayohifadhi maktaba za miradi ya JavaScript, huweza kuwa na maelfu ya faili, kwa hiyo kikomo lazima kiwepo. Orodha ikikatwa kimyakimya, wakala anaweza kuamini kwamba faili ambayo haikuorodheshwa haipo, akaiunda upya na kufuta iliyokuwepo. Hapo kazi ya mtu imepotea! Zana yenyewe irudishe ujumbe: "Zimeonyeshwa 200 kati ya 3,418; taja folda ndogo zaidi." Vilevile, folda tupu na folda isiyopo zisipewe jibu moja.

Kutafuta maneno ndani ya faili ni kazi ya zana nyingine. Itaje kwa jina humohumo kwenye maelezo. Halafu pitia kumbukumbu za miito ya wakala, yaani jinsi alivyoiita zana. Akirudia wito uleule mara kwa mara, angalia ni kigezo gani hujakifafanua.