Viza ya Kisiwani na Viza ya Njiani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Safari ya Karibea

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nairobi na mume wangu ni fundi wa umeme. Mwaka ujao tutatimiza miaka kumi ya ndoa, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba katika Sacco ili tuadhimishe siku hiyo kisiwani Barbados, mahali ambapo mume wangu ametamani kupaona tangu Kenya ilipoishinda West Indies katika Kombe la Dunia la kriketi mwaka wa 1996, naye akiwa mtoto. Wakala mmoja wa usafiri ametuhakikishia kwamba Mkenya hahitaji viza kuingia Barbados, na kwamba tukilipa kabla ya mwisho wa mwezi huu atatupatia tikiti za bei nafuu za kupitia London katikati ya Agosti, wakati shule zimefungwa na bei za hoteli huko zimeshuka mno. Dada yangu ananionya kuwa rahisi ni ghali. Je, tulipe? – Mwalimu, Donholm.

JIBU: Mwalimu, hongereni kwa kukaribia miaka kumi, na tafadhali usilipe bado. Wakala wenu hakusema uongo, ila alisema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowarudisha watu nyumbani kutoka kaunta za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta huku sanduku limeshapimwa.

Ni kweli kwamba Barbados, ikiwa mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Madola, humruhusu mwenye pasipoti ya Kenya kuingia bila viza na kukaa hadi miezi sita. Afisa wa uhamiaji wa huko atataka kuona tikiti ya kurudi, anwani ya mahali mtakapolala na dalili kwamba mna fedha za kujikimu, basi. Taabu haiko kisiwani, iko njiani. Hakuna ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi Karibea, na kwa hiyo ni lazima mshuke katika nchi ya tatu na kupanda ndege nyingine, na nchi hiyo ya tatu ina sheria zake ambazo haziulizi mnakwenda wapi.

Mkipitia London, Uingereza inamtaka Mkenya awe na viza ya kupitia hata kama hatatoka nje ya uwanja wa ndege na atakaa hapo saa mbili tu akinywa chai. Tena viza hiyo ya uwanjani haitoshi ikiwa itawabidi kuvuka mpaka: baadhi ya ndege za Karibea huondokea Gatwick, ilhali nyingi zitokazo Nairobi hutua Heathrow, na kati ya viwanja hivyo viwili kuna safari ya barabara ndani ya Uingereza, ambayo inahitaji viza ya aina nyingine. Marekani ni kali zaidi, kwa kuwa kila abiria hupita mbele ya maafisa wa uhamiaji na kuchukua mizigo yake hata akiwa mpita njia, na hivyo bila viza ya Marekani njia hiyo imefungwa. Kanada nayo humtaka Mkenya awe na viza ya kupitia.

Haya nayajua si kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na tikiti ya kwenda kisiwa kimojawapo cha huko, niliyouziwa na mtu aliyenihakikishia kama mlivyohakikishiwa ninyi. Mhudumu wa kaunta aliipekua pasipoti yangu kwa kidole gumba, ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho, akarudi mwanzo, akaipekua tena polepole, kisha akaniuliza kwa upole viza ya kupitia iko wapi. Sanduku langu lilikuwa tayari kwenye mkanda likiwa limefungwa utepe. Nililiona likisukumwa kurudi kwangu. Aliyeniuzia tikiti hakupokea simu siku hiyo wala iliyofuata.

Kwa hiyo ipangeni safari hii kuanzia katikati. Chagueni kwanza uwanja wa kupitia, hakikisheni kwa maandishi kutoka ubalozi wa nchi husika kwamba mnaruhusiwa kupita, na ndipo mtafute tikiti. Nchi za Ulaya zinazotumia viza ya Schengen zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake ni lazima wawe na viza hata kwa kubadilisha ndege uwanjani, na Kenya haimo katika orodha hiyo ya pamoja; lakini kila nchi ina uhuru wa kuongeza majina yake, na orodha hizo hubadilika, kwa hiyo msiichukulie nchi moja kama kipimo cha zote. Shirika la ndege la Uholanzi, KLM, hutua Nairobi na pia huruka kutoka Amsterdam hadi visiwa kadhaa vya Karibea, na hapo ndipo ningeanza kuuliza. Muhimu ni kwamba safari yote iwe katika tikiti moja, ili mizigo yenu iandikishwe Nairobi na kuchukuliwa Bridgetown, mji mkuu wa Barbados. Mkinunua tikiti mbili mbalimbali kwa sababu jumla yake ni ndogo, mnaweza kulazimika kutoka kuchukua masanduku na kuyaandikisha upya, na kutoka huko ndiko kuingia nchini.

Sasa nije kwa mwezi wa Agosti, kwa maana bei haishuki bure. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Barbados imejitenga upande wa mashariki wa safu ya visiwa, na mara nyingi vimbunga huipita pembeni. Hata hivyo kupitwa pembeni si kusalimika: tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliikumba Carriacou, kisiwa cha nchi ya Grenada, na ingawa jicho lake lilipita kusini mwa Barbados, mawimbi yaliziponda mashua za wavuvi pale Bridgetown. Anayesafiri kutoka Miami akisikia onyo la kimbunga huahirisha safari kwa wiki moja. Ninyi mtakuwa mmeshatumia akiba ya miaka na ruhusa ya kazi, na hamtakuwa na wiki ya pili.

Kalenda ya shule zetu, kwa bahati nzuri, inawafaa kuliko mnavyodhani. Bei za hoteli za Karibea hupanda kuanzia katikati ya Desemba, wakati Wazungu wanapokimbia baridi, na hubaki juu hadi katikati ya Aprili. Kati ya mwisho wa msimu wa vimbunga na kupanda huko kwa bei kuna mwanya wa wiki mbili, yaani nusu ya kwanza ya Desemba, na shule za Kenya huwa zimefungwa. Huo ndio wakati ambao ningewachagulia, isipokuwa kama umeitwa kusahihisha mitihani ya kitaifa. Ukiitwa, tazama wiki ya mwisho ya likizo ya Aprili, mradi Pasaka isiwe imeangukia hapo.

Kuhusu mahali pa kulala, kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita 34 kwa 23 hivi, lakini pande zake hazifanani hata kidogo. Magharibi bahari ni tulivu, na hoteli ni za matajiri. Kusini kuna nyumba za wageni za bei ya wastani na ufuo mzuri. Mashariki, huko Bathsheba, mawimbi ya Atlantiki hupiga miamba kwa nguvu, na ni mahali pa kutazama bahari, si pa kuogelea. Tangu mwaka wa 2011 visiwa hivi vimekuwa vikisumbuliwa na mwani wa kahawia uitwao sagasamu, unaoletwa na bahari kwa wingi hasa kati ya Machi na Agosti, ukaoza ufuoni na kunuka kama mayai viza. Pwani ya mashariki ndiyo inayoumia zaidi, na ya magharibi mara nyingi husalimika. Picha za hoteli hazionyeshi mwani, kwa hiyo ulizeni.

Mume wako hatapotea njiani. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, na kuna matatu kamili: magari madogo meupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, ambayo watu huyaita ZR kwa herufi za nambari zake za usajili, yakiwa na muziki wa juu na dereva mwenye haraka zake. Mtoka Donholm atajihisi nyumbani. Yatawafikisha Bridgetown kwa nauli ndogo, na kutoka hapo uwanja wa kriketi wa Kensington Oval si mbali kwa miguu.

Mengine ni madogo ila yana meno. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na kwa sababu hiyo Barbados itataka kuona kadi zenu za chanjo. Sindano hiyo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote, hivyo kadi ya zamani isitupwe. Pasipoti ziwe na angalau miezi sita kabla ya kwisha muda. Dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, kiwango ambacho kimesimama hapo tangu mwaka wa 1975, na dola za Marekani hupokelewa madukani. Shilingi yetu haibadilishwi huko. Umeme ni volti 115, na plagi ni za pini bapa, jambo ambalo fundi wako atalielewa kabla hujamaliza kulisoma. Na nguo zozote zenye madoa ya kijeshi, hata za mtoto, ziacheni nyumbani, kwa kuwa sheria ya huko inazikataza.

SWALI: Mhariri, sisi ni chama cha akina mama wanane wa Buruburu. Tuna siku kumi, na tungependa kuona Jamaika, Barbados na Trinidad kwa mkupuo mmoja kwa kuwa hatutarudi tena upande ule. Je, kuna meli za kutuvusha? – Katibu wa chama.

JIBU: Dada zangu, ramani imewadanganya. Kwenye karatasi visiwa hivi vimepangwa kama shanga, lakini kutoka Barbados hadi Jamaika ni karibu kilomita 1,900, yaani karibu mara nne ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa, na hapo katikati ni maji matupu. Msifikirie kivuko cha Likoni. Mtasafiri kwa ndege, na ndege za kati ya visiwa ni za bei ghali kuliko umbali wake unavyostahili. Katika siku zenu kumi, kwenda na kurudi kutameza tatu hivi, na siku ya kwanza mwili utakuwa bado uko Buruburu, kwa sababu Barbados iko nyuma yetu kwa saa saba na Jamaika kwa saa nane.

Chagueni. Barbados na Trinidad ni majirani, safari ya takriban saa moja angani, na zote mbili huwapokea Wakenya bila viza. Kwa siku saba hizo mbili zinatosha. Mkienda Trinidad siku za kanivali, ambayo hufanyika Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, jueni kwamba vyumba hukodishwa miezi mingi mapema. Jamaika nayo haihitaji viza, lakini ni nchi kubwa inayodai safari yake peke yake, na upande wake wa magharibi ulipigwa vibaya na kimbunga Melissa tarehe 28 Oktoba 2025. Kabla ya kulipia hoteli yoyote ya upande huo, ombeni picha za sasa, si za brosha.

Na kwa kuwa mmoja wenu ameandika pembeni akiuliza kuhusu Haiti, ambayo jina lake tumelizoea tangu polisi wetu walipopelekwa huko Juni 2024: hapana. Si wakati wake.

SWALI: Mimi ni Mwislamu na ninakusudia kwenda Barbados kikazi, kisha nibaki wiki moja ya mapumziko. Nitakula nini? – Msomaji, South C.

JIBU: Ndugu yangu, utakula vyakula unavyovijua vikiwa na majina mengine. Chakula cha taifa ni samaki arukaye pamoja na kuku-ku, ambayo ni ugali wa unga wa mahindi uliosongwa na bamia. Tunda la shelisheli, tunalolijua kutoka Lamu na Unguja, lilipelekwa Karibea kwa meli mwaka wa 1793 ili kuwalisha watumwa, na sasa huchomwa juu ya makaa hadi ganda likawa jeusi. Bridgetown kuna misikiti na jamii ya Waislamu wenye asili ya Gujarati, na ukiulizia baada ya sala ya Ijumaa utaelekezwa kwa wachinjaji wa halali. Ijumaa hiyo hiyo jioni watu humiminika katika mji wa wavuvi wa Oistins kula samaki wa kuchoma. Samaki wenyewe ni safi, ila uliza jiko limechoma nini kingine.

Jihadhari na siku ya Jumamosi, ambapo mlo wa desturi ni nyama ya nguruwe iliyolowekwa kwenye ndimu pamoja na viazi vitamu. Hicho utakitambua kwa urahisi. Kitakachokuponyoka ni wali wa kunde, ambao unafanana kabisa na wa nyumbani, kwa sababu wapishi wengi huutilia mkia wa nguruwe wenye chumvi ili kuupa ladha, kisha huuondoa kabla ya kupakua. Ukitazama sahani hutauona; muulize mpishi.