MUULIZE ANTI: Tunasubiri mtoto wa kuasili, mume wangu anataka tusafiri

Shikamoo Anti. Mimi nina miaka 36 mume wangu 41, tunakaa Tabata, ndoa yetu ina miaka tisa na Mungu hajatujalia mtoto, tumezunguka hospitali mpaka tukachoka ndo tukakaa wenyewe wawili bila kushinikizwa na mtu tukaamua tuasili. Maombi tumepeleka ustawi wa jamii, afisa kaja nyumbani kakagua kila kitu hadi choo, hadi mfuniko wa kisima kaunyanyua akaurudishia, kaongea na jirani, kaongea na mjumbe, akaondoka anacheka vizuri tu akasema mtapigiwa simu. Sasa Anti hiyo simu ndo inaniua. Silali, nikioga naiweka juu ya ndoo, ikiita namba ngeni moyo unaenda mbio kumbe ni watu wa bima. Kazini nimekataa semina ya Arusha, kitchen party za wenzangu siendi tena maana lazima mtu aniulize "na wewe lini?" Chumba cha mtoto tumeshapaka rangi ila kitanda sijanunua, mama mkwe, ambaye bado hatujamwambia, siku zote husema kununua vitu vya mtoto kabla ni uchuro.

Tatizo ni mume wangu, yeye amekuwa kama kijana wa chuo. Kila wikiendi ana mpango, mara Bagamoyo tukaenda kweli tukazunguka Kaole tukala pweza tukarudi usiku nikafurahi sikatai, mara Kigamboni, mara anasema tupande SGR tukalale Dodoma tuone tu. Sasa hivi anataka tukakae kwao Lushoto wiki nzima na mimi sitaki kabisa, nimemwambia simu ikipigwa tupo milimani huko tutafanyaje? Kanuna. Anasema nimegeuza nyumba kuwa chumba cha kusubiria daktari. Anti, nani mkosaji hapa? Na je tukisafiri inaweza kutuharibia maombi?
– Mama Mtarajiwa, Tabata

Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho maana ndo jepesi. Kusafiri hakuharibu maombi. Hakuna anayetaka mkae ndani mmefunga mlango kama mwali. Kinachoharibu ni kutopatikana, au maisha yenu kubadilika bila afisa wenu kujua, mfano mmehama nyumba, mtu kaachishwa kazi, ndugu kahamia kwenu, hayo ndo ya kumwambia haraka. Safari ya wiki moja unampigia unamwambia afisa tunatoka tarehe fulani tunarudi tarehe fulani, namba yangu hii na ya mume wangu hii, basi. Ukiweza na ya ndugu yako mmoja aliyeko Dar ambaye faili la nakala za vyeti analo, kikihitajika kikaratasi apeleke yeye.

Alafu ujue hiyo simu siyo ya zimamoto. Wengi mnadhani ukipigiwa asubuhi mchana uwe umeshapakata mtoto, hapana. Kwa utaratibu wetu chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, maombi yanapita kwa afisa ustawi yanakwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, akipatikana mtoto anayeendana na nyinyi mnaitwa mkaonane nae, mnakaa nae kwanza kwa malezi ya kambo huku afisa anawatembelea, na ni baada ya hapo ndo mnakwenda Mahakama Kuu na wakili wenu kuomba amri ya kuasili. Mahakama nayo inaweka mtu wa kumsimamia mtoto aangalie maslahi yake kabla jaji hajasema neno. Amri ikitoka ndo RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, wanamwandika kwenye daftari la watoto walioasiliwa. Sasa kwenye mlolongo wote huo, mtu kushuka kutoka Lushoto ni siku moja tu, kona za Mombo asubuhi, jioni uko Mbezi stendi unagombana na bajaji. Dodoma ndo usiseme, tangu treni ya umeme ianze 2024 watu wanaenda na kurudi siku hiyohiyo. Ungeniambia mnaenda Mafia ningekuelewa kidogo, kule boti ya Nyamisati haikusubiri wewe na bahari ikichafuka umelala.

Ila mwanangu nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na kuna kitu hakikai sawa. Bagamoyo ulienda, ukala pweza, ukarudi usiku, na simu wala hukuitaja. Kigamboni hukulalamika. Dodoma hukuikataa. Inakuwaje Lushoto tu ndo mtandao unakuwa shida wakati Lushoto mjini watu wanatumiana video mchana kutwa? Mimi naona hukimbii milima. Unakimbia ukweni. Unamkimbia mama mkwe na swali lake, na wifi zako, na yule mzee ambaye lazima awepo kila ukweni anayesema "mtoto wa watu hana shukrani" huku anamenya mapeasi.

Na hapo mumeo namtetea. Kwa barua yako tu, maana yeye hajaniandikia, naona mwanaume anayeogopa vilevile kama wewe ila yake inatokea miguuni. Wanaume wengi wakisubiri kitu wanatembea. Wewe unaganda, yeye anazurura, hakuna mkosaji. Ila umkumbushe nae kwamba bajeti ya mtoto ipo, wakili analipwa, pampasi hazikopeshwi dukani mwezi mzima, kwa hiyo kila wikiendi hapana. Wikiendi moja ya kutoka, zingine mtembee bure, mkapunge upepo Coco mnunue mihogo ya kukaanga mrudi.

Safari ya Lushoto lakini muende, na muende kabla mtoto hajaja. Sababu ni hii: huyo mtoto atakwenda kule likizo, atakaa kwenye hiyo sebule, atamwita huyo mama bibi. Hayo maneno mnataka yasemwe mbele yake au yasemwe sasa hivi yaishe? Mumeo ndo aongee, siyo wewe. Mama ni wake. Amkalishe mama yake peke yake kwanza, asianze mbele ya ukoo, amwambie mama tumeamua hivi na tumeshaanza, hatuji kuomba ruhusa tunakuja kukupa habari kama bibi. Akiuliza mambo ya urithi, na atauliza, maana huko juu shamba ni shamba, jibu lipo wazi: amri ya mahakama ikitoka mtoto ni wenu kama mliyemzaa ndani ya ndoa, na kwenye mali yenu wewe na mumeo anarithi kama mtoto yeyote. Wapo watakaokunja sura. Wakunje mkiwepo muone ni nani na nani, itawasaidia kujua likizo mtoto alale kwa shangazi yupi.

Na mara nyingi afisa anauliza ukoo unasemaje. Ukijibu "wamepokea vizuri" na hujawahi kuwaambia, mwanangu utaanza kubabaika hapo hapo.

Uchuro sasa. Mimi nimelelewa Temeke, uchuro naujua, siwezi kukucheka. Ila hamjui mnaletewa wa miezi sita au wa miaka mitatu, kwa hiyo hata bila uchuro kitanda usinunue, nguo usinunue, utanunua za kichanga uletewe mtoto anayekimbia. Weka hela pembeni. Kitu ambacho ningefanya sasa hivi ni kuongea na bosi wako kuhusu likizo, maana tumbo halitaonekana na siku ukisema kesho siji nina mtoto watadhani umerukwa na akili. Na semina ya Arusha ikija tena uende. Kitchen party usipotaka usiende, hiyo haki unayo, tuma mchango wako ulale.

Usiku simu iache sebuleni. Ofisi za serikali hazipigi saa nane usiku.

*

Asalaam aleikum Anti. Mimi na mke wangu tuko Mbagala, tulitaka kuasili mtoto wa kike ila shehe wa mtaani kasema kuasili haramu, mke wangu analia tu. Ndo tuache? – Baba wa Mbagala

Waaleikum salaam kaka yangu. Msiache, ila mtenganishe mambo mawili. Kinachokatazwa ni kumfuta mtoto nasaba yake na kumwita kwa jina lako kama umemzaa, na aya ipo kwenye Surat Al-Ahzab, waiteni kwa baba zao, mpaka Zaid aliyelelewa na Mtume (s.a.w) akarudishiwa kuitwa bin Haritha. Kulea hakujakatazwa, kulea yatima ni thawabu kubwa na wewe unajua. Kwa hiyo mwambieni afisa ustawi mnataka malezi ya kambo, mtoto anabaki na ubini wake na nyinyi mnamlea. Urithi hatapata kwa mgao wa kawaida, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali yako, au umpe zawadi ukiwa hai, wala hakuna wa kukuzuia.

Kuna jambo la stara akishakua, kwamba wewe siyo maharimu wake, yaani siyo ndugu ambaye ni mwiko kuoana nae. Akija bado yuko chini ya miaka miwili na una dada wa damu anayenyonyesha, anyonye kwake mara tano tofauti, hiyo ndo hesabu ya Shafi ambayo wengi wetu huku pwani tunaifuata, hapo unakuwa mjomba wake wa ziwa na nyumba inakuwa nyepesi. Mrudie shehe umuulize hivyo hivyo, usimuulize "kuasili ni haramu?" muulize kuhusu kafala, yaani kulea bila kubadilisha nasaba, na kunyonyesha, utaona jibu lake linavobadilika. Na mkeo mwambie asilie.

*

Anti kuna mtu anasema ana mpango hospitalini, nimpe milioni mbili ananiletea kichanga na karatasi zake zote, hakuna kusubiri. Nimechoka kusubiri. Nimpe? – Nimechoka, Kinondoni

Usimpe hata mia. Hiyo ni kununua mtu. Hata kwenye maombi halali jaji haruhusu mzazi au mtu yeyote awe amelipwa ili mtoto atoke, sembuse huyo wako wa uchochoroni, na sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu ipo tangu 2008, haina huruma na mnunuzi. Karatasi anazokwambia ni za kughushi, siku mtoto anaandikishwa shule au anatafuta NIDA ndo linafumuka, na huenda kuna mama mahali anamtafuta mwanae hivi sasa. Usimjibu, meseji zake usifute, mpigie 116, ile laini ya watoto, ni bure, uwaambie alichokwambia na namba aliyotumia. Foleni ya ustawi usiitoke.