Mishahara midogo haishindi kila soko

Umeuliza nchi ya mishahara mikubwa itauza nini kwa ile ya mishahara midogo. Anza na saa za kazi. Tuseme nchi A, ya mishahara mikubwa, hushona shati kwa saa 2 na kuunda redio kwa saa 4. Nchi B, ya mishahara midogo, hutumia 4 na 24. Tija ya A, yaani kiasi inachozalisha kwa saa, ni mara 2 ya B kwenye shati, mara 6 kwenye redio. Mshahara wa A ukiwa mara 3 ya wa B, kwa kipimo cha mshahara wa saa moja wa B, shati la A hugharimu 6, la B 4. Redio 12 dhidi ya 24. Kila nchi ina cha kuuza. Mshahara wa A ukivuka mara 6 ya wa B, A haiuzi kitu, hivyo mshahara au sarafu yake hushuka. Chini ya mara 2, B ndiyo hukwama. (Washona mashati wa A wanaweza kuumia kweli, usiwapuuze.) Wengi hukosea kwa kulinganisha mishahara bila tija.