Usipambane na gugu tu, pambana na mbegu yake

Wengi wanaoanza kilimo hai swali lao la kwanza ni hili, bila dawa nitapalilia mara ngapi? Mi nawaambia kwanza jiulize udongo wako umebeba nini, maana magugu unayoyaona juu ni machache tu, huko chini kuna mbegu kibao zimelala na nyingine zinakaa miaka mingi zikisubiri kuona mwanga. Mchicha pori mmoja uliokua vizuri unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 100,000, sasa piga hesabu.

Ndo maana hata mahindi yakishakuwa marefu na magugu hayayasumbui tena, mi bado napita nang'oa yale yanayotoa maua, na yakishafunga mbegu nayatoa nje ya shamba kabisa, kwa sababu kuna mengine yanaendelea kukomaza mbegu hata ukishayang'oa.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kuandaa tuta mapema. Unalainisha udongo, unamwagilia au unasubiri mvua, alafu hupandi kwanza, unaacha magugu yaote. Baada ya wiki moja au mbili ukifukua kidogo kwa kidole utaona vijiuzi vyeupe, majani mawili hata hayajafunguka, hapo ndo pa kuyawahi, chagua siku ya jua kali ukwangue juu juu tu sentimita 2 hivi yakauke, kisha panda. Usichimbe chini jamani, ukichimba unaleta mbegu nyingine juu na kazi inaanza upya!

Na ukishavuna usikimbilie kulima. Mbegu zilizodondoka zikibaki juu ya udongo zinaliwa sana na sisimizi, mbawakawa wa ardhini, ndege na panya, ila ukizifukia umezificha.

Ndago ni habari nyingine, hiyo haitegemei mbegu, ina viazi vyake ardhini, na ukiikatakata kwa jembe unaisambaza tu. Udhaifu wake ni kivuli, kwa hiyo panda kitu kinachotambaa na kufunika haraka kama viazi vitamu au kunde, ila usitegemee itaisha msimu mmoja.

Samadi nayo iangalie, mbegu nyingi zinapita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Irundike ipate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa na uigeuze, ili ya pembeni nayo iingie katikati.